Sumaku ya Mjomba

Nilikulia Gerezani, hatua chache tu kutoka Kariakoo, katika nyumba ya mjomba wangu aliyekuwa akinunua na kuuza chuma chakavu. Watu wengi huidharau biashara hiyo kwa kudhani kuwa ni kazi ya kuokota. Anayeokota ni yule anayeleta gunia. Anayelinunua gunia hana budi kujua kilichomo, na akikosea, hasara ni yake. Mjomba alizijua shaba nyekundu na shaba nyeupe, ile ambayo wenzake waliiita brasi. Aliijua aluminiamu ya sufuria na ile ya injini. Vyote hivyo alivitambua kwa macho, kwa mlio na kwa uzito mkononi. Hata hivyo, hakutoa senti moja kabla ya kushusha juu ya mzigo sumaku ndogo aliyoifunga kwenye uzi wa katani. Chuma huishika sumaku. Shaba haishughuliki nayo. "Macho yana tamaa," alikuwa akisema, "sumaku haina."

Katika kurasa hizi nataka kueleza habari ya maganda ya risasi, yale ya shaba na yale ya chuma. Ndugu msomaji, usishangae. Mimi si askari, wala sijapata kumiliki bunduki. Lakini maganda ya risasi ndiyo yaliyonifundisha somo ambalo nimelihitaji mara nyingi maishani, na nimeona si vema nife nalo.

Mwaka 1969 nilikuwa na umri wa miaka 14. Siku moja mjomba alikwenda msibani, akaniachia duka kutwa nzima. Alipokuwa akiondoka aliniambia, "Ukiletewa kitu usichokijua, mwambie mwenyewe arudi kesho." Sumaku aliiacha ikining'inia kwenye msumari karibu na mizani.

Mchana alikuja mtu nisiyemfahamu, amebeba gunia lililojaa nusu. Alilifungua, nikaona maganda ya risasi, mekundu, yanang'aa kama sarafu mpya za senti tano. Nilijua kuwa katika duka letu hakuna kilichopata bei nzuri kuliko shaba nyekundu. Yule mtu alitaja bei ya chini kuliko nilivyotazamia. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, lakini badala ya kushtuka nilifurahi. Nilijiona mfanyabiashara. Nilipima, nikampa fedha za mauzo ya siku mbili, naye akaenda zake upesi. Sumaku ilikuwa umbali wa mkono wangu, nami sikuigusa.

Jirani yetu alikuwa fundi mzee aliyesubu vishikio na midomo ya midila, yale mabirika ya kahawa ambayo wauza kahawa wa Kariakoo huyabeba mitaani huku wakigonganisha vikombe. Alasiri alipita, akaniuliza kama kuna shaba. Nikampa nusu debe kwa mkopo, na nikajisifu moyoni kwamba biashara imekwisha zaa.

Mjomba alirudi karibu na magharibi. Nilimwamkia, nikamwonyesha gunia kwa fahari. Hakusema neno. Aliitwaa sumaku akaishusha mle ndani, na alipoivuta juu ilikuja na shada zima la maganda, yameng'ang'ania kama nyuki kwenye tawi. Kilikuwa chuma kilichopakwa shaba nyembamba. Nilingoja kofi. Badala yake aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, umekwisha mpa mtu mwingine?" Nikasema nimempa fundi. Alitoka mbio, viatu akaviacha mlangoni. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumwona mjomba wangu akikimbia.

Tulimkuta yule mzee anavukuta mivukuto, makaa yamekwisha geuka meupe, na chungu cha kuyeyushia kimo motoni. Debe lilikuwa pembeni, bado halijaguswa. Mjomba alimwomba asubiri, akayamwaga maganda yote sakafuni chini ya taa ya chemli. Akachuchumaa, akayashika moja moja. Alitazama mdomo wa ganda kama u wazi, kisha akaligeuza na kutazama kitako chake, kama fataki imebonyea mahali ilipogongwa. Tulipofika katikati ya rundo alitenga moja. Mdomo wake haukuwa wazi; ulikuwa umeshika risasi. Karibu na mwisho akatenga la pili. Zilikuwa risasi mbili nzima, zenye baruti yake ndani.

Yule mzee alizitazama akaketi chini. Kazi yake ilimtaka ainame juu ya chungu ili asome rangi ya moto, uso wake shubiri moja tu kutoka kwenye mdomo wa chungu. Alisema "Alhamdulillahi", kisha akanyamaza muda mrefu. Mimi nilisimama mlangoni nikitetemeka.

Usiku ule ule mjomba alilipeleka gunia polisi. Alirudi usiku wa manane, amechoka kwa maswali. Fedha zilikuwa zimekwenda, na yule muuzaji hatukumwona tena. Kabla hajalala aliniita, akasema, "La fedha nimekusamehe. Lakini shika hili. Sumaku ingekuambia kwamba ni chuma. Isingekuambia kwamba ndani mna moto. Hiyo ilikuwa kazi ya macho yako na vidole vyako."

Nililishika neno lile, lakini kwa miaka kadhaa nililishika nusu tu. Nusu niliyoipenda ilikuwa ya kumlaumu aliyetengeneza ganda. Nilijiuliza: mtu mwaminifu atapakaje chuma rangi ya shaba, kama si kwa nia ya kudanganya? Nilikata shauri kwamba ganda la shaba ni la kweli na ganda la chuma ni la bandia. Ndivyo nilivyoamini mpaka nilipokwenda Jeshi la Kujenga Taifa, mwaka 1975, kama ilivyowapasa vijana waliomaliza masomo wakati ule.

Kambini tulifundishwa kwa bunduki za aina mbili. Moja ilikuwa Mark 4 ya Waingereza, iliyotumia risasi ya pointi 303. Ya pili tuliiita SAR, iliyotengenezwa China kwa mfano wa Mrusi Simonov wa mwaka 1945. Zote mbili zilimeza risasi kumi, lakini tabia zao zilikuwa mbali kama za paka na mbwa. Ganda la Mark 4 lilikuwa la shaba nyeupe, refu la milimita 56, lenye ukingo kwenye kitako. Kila ulipofyatua ulipaswa kulitoa wewe mwenyewe, kwa kuvuta boliti kwa mkono. Ganda la SAR lilikuwa fupi, milimita 39, na bunduki ililitema yenyewe kwa nguvu ya gesi ya baruti. Nilipoliokota kwa mara ya kwanza mwili ulinisisimka. Lilikuwa ndugu wa yale ya kwenye gunia, jekundu kwa nje na chuma kwa ndani.

Nilimwuliza mwalimu wetu wa silaha kwa nini wanatupa risasi za bandia. Alicheka, kisha akaniketisha, akanieleza kwa subira ambayo sikuitazamia kwa mtu mwenye sauti kama yake.

Alisema kwamba kazi ya ganda si kubeba baruti tu. Risasi inapolipuka, ganda hutanuka na kubana ukuta wa chemba, ili moto usirudi nyuma usoni mwa askari. Kisha hapo hapo linatakiwa kunywea, liachie, lipate kutolewa. Shaba nyeupe, ambayo katika maganda huwa kama sehemu 70 za shaba na 30 za zinki, hufanya yote mawili vizuri sana. Hutanuka upesi na kunywea upesi. Chuma ni kigumu zaidi. Hakizibi vizuri kama shaba, kwa hiyo moshi hupenya ukarudi kuchafua chemba, na kunywea kwake ni kwa uchache.

"Kumbe ni kibaya," nikasema.

"Ni kibaya ndani ya bunduki isiyokitarajia," akajibu. Alichukua ganda la SAR akanionyesha jinsi lilivyo nene kitakoni na kupungua kuelekea mdomoni, kama bilauri. Kitu chenye umbo hilo, likisogea kidogo tu, huwa limeachana na ukuta pande zote. Tena chemba yake ilikuwa na nafasi, na ukucha wa kuvutia ganda ulikuwa mpana na wenye nguvu. Waliobuni risasi ile mwaka 1943 walijua kwamba ganda litakuwa la chuma, na waliobuni bunduki wakaifuata risasi. Ile shaba nyembamba ya nje haikuwa ya kudanganya mtu. Ilikuwa nguo ya kukinga kutu na kusaidia ganda liteleze. Wengine hupaka rangi ya vanishi, wengine zinki, kwa sababu hiyo hiyo.

Basi aliyenidanganya mwaka 1969 hakuwa fundi wa China. Yeye alitengeneza ganda la chuma, akalivisha nguo, akaliweka ndani ya bunduki yake. Aliyeliita shaba alikuwa yule muuzaji, na aliyekubali jina hilo bila kuuliza nilikuwa mimi.

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile nilikuwa mwerevu. La. Wiki chache baadaye tulipiga shabaha asubuhi nzima, mvua ikatunyeshea, nami nikairudisha SAR yangu nikiwa nimeifuta kwa juu tu. Siku mbili baadaye, katika risasi ya tatu, ganda likakwama. Nilivuta, halikutoka. Mwishowe nililazimika kupiga mkono wa boliti kwa kisigino cha buti, wenzangu wakiangua kicheko. Kwa hasira nikasema, "Chuma cha bandia hiki!" Mwalimu hakunijibu. Aliifungua bunduki, akapitisha kitambaa cheupe ndani ya chemba, kikatoka cheusi tititi. Akanionyesha pistoni ya gesi, imeshika kutu. Fataki za risasi zile zilikuwa na chumvi, na chumvi huvuta unyevu, kama ile ya jikoni inavyolowa wakati wa masika. Kama ningeiosha kwa maji ya moto na kuipaka mafuta siku ile ile, ingetema kama kawaida. Ganda lilikuwa limevumilia uvivu wangu mpaka likashindwa.

Tangu wakati huo nimesoma habari hizi kila nilipozikuta, na nimeona kwamba shaba nayo ina maradhi yake. Huko Sudan, katika mapigano ya Abu Klea, Januari 1885, askari wa Waingereza walikuwa na bunduki za Martini-Henry ambazo maganda yake yalikuwa ya karatasi nyembamba ya shaba nyeupe iliyoviringishwa. Katika joto na vumbi maganda hayo yalikwama, na watu walikufa mikononi mwao mkiwa na bunduki isiyoweza kutema. Ilikuwa shaba, lakini haikuwaokoa. Baadaye maganda ya namna hiyo yaliachwa, yakafuatwa na yale yanayovutwa kutoka kwenye bamba nene. Na hayo nayo, yalipohifadhiwa India, yalikuwa yakipasuka shingoni yenyewe wakati wa mvua za msimu, bila kuguswa na mtu. Mwaka 1921 watafiti wa Uingereza walieleza chanzo chake: amonia, ile iliyotoka kwenye mikojo ya farasi mazizini, iliikuta shaba ikiwa bado na mkazo uliobaki tangu ilipovutwa kiwandani. Dawa ikawa kuipasha moto taratibu ili mkazo utoke. Nani angedhani kwamba adui wa risasi angekuwa mkojo wa farasi?

Na mwaka 2013 Wamarekani walichapisha matokeo ya jaribio lililonifurahisha. Walichukua bunduki nne za aina moja, za mtindo wa AR-15, ambazo asili yake ni ganda la shaba lililo karibu kunyooka. Moja wakailisha maganda ya shaba, na tatu wakazilisha maganda ya chuma ya viwanda mbalimbali, kwa nia ya kufikisha risasi 10,000 kila moja. Ya shaba ilikwenda vizuri. Za chuma hazikufanana: nyingine zilivumilia, moja ilisumbua sana kwa kukwama. Mitutu yao ilichakaa mapema mno. Lakini walipochunguza waliona kwamba mtutu haukuliwa na ganda hasa. Uliliwa na koti la risasi yenyewe, lile linalosugua mtutu kwa ndani, ambalo nalo lilikuwa na chuma chini ya shaba. Tena walipopiga hesabu, tofauti ya bei ya risasi ilitosha kununua mtutu mpya, na fedha zikabaki. Hapo nilimkumbuka mjomba. Angependa sana hesabu ile.

Basi ukiniuliza leo lipi bora, la shaba au la chuma, nitakuuliza: ndani ya bunduki gani, imesafishwa na nani, na fedha za nani? Ukitaka ganda utakaloliokota na kulijaza baruti tena, shaba ndiyo yenyewe, maana chuma watu hulitumia mara moja wakalitupa. Ukitaka kulisha jeshi zima kwa fedha kidogo, na silaha yako imezaliwa pamoja na chuma, kukidharau ni ujinga.

Nilipotoka kambini nikarudi Kariakoo, nilianza kulitazama jina la mtaa wetu kwa jicho jingine. Wengi wajua kwamba Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, ambao kambi yao ilikuwa hapa. Wapagazi wale walibeba vichwani mwao chakula, dawa na masanduku ya risasi, wakayapeleka mahali ambapo gari halifiki na mnyama hufa kwa mbung'o. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mjini, katika barabara ya Samora, imesimama tangu mwaka 1927 ile sanamu ya askari tuiitayo Bismini, ameshika bunduki yake. Maandishi yake yanawataja pia wapagazi, lakini aliyesimamishwa juu ni mwenye bunduki.

Kambini, kila tuliporudi kutoka shabaha, tulihesabu maganda. Risasi hamsini zimetoka, maganda hamsini yarudi, na likipungua moja hakuna anayekula mpaka lipatikane majanini. Nilifikiri sana juu ya hilo nilipokuwa nikipita Mtaa wa Msimbazi. Ganda, ambalo kazi yake imekwisha, lilihesabiwa. Mpagazi, aliyelibeba likiwa zima kwa siku nyingi za mguu, hakuna aliyemhesabu kwa uangalifu wa namna hiyo, na mpaka leo idadi yao hubishaniwa. Labda ni vema kwamba jina lao limekaa sokoni badala ya kukaa kwenye shaba. Sokoni hutajwa kila siku.

Mjomba alifariki zamani. Sumaku yake ninayo. Tarehe 16 Februari 2011, ghala la silaha la Gongo la Mboto lilipolipuka usiku, na kabla ya hapo lile la Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, jiji lilijifunza kwa vilio jinsi kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya moto kinavyoweza kuungoja kwa miaka. Watu walikufa katika milipuko yote miwili. Wananchi waliambiwa wasiguse vipande vyovyote watakavyoviona.

Siku chache baada ya mlipuko ule wa Gongo la Mboto nilikuwa nimeketi barazani kwa kijana mmoja anayenunua skrepa karibu na pale lilipokuwa duka letu. Akaja mtu na kiroba. Kijana alishusha sumaku yake, ikashika, akasema, "Chuma," akakiinua kiroba kukiweka kwenye mizani. Nikamwambia, "Mwanangu, kimwage kwanza." Alinitazama kama mzee anayetafuta la kusema. Lakini alikuwa na adabu, akakimwaga.

Zilikuwa springi za magari, bawaba zenye kutu na kufuli bovu. Hapakuwa na risasi hata moja. Kijana alicheka, mwenye mzigo naye akacheka, nami nikacheka pamoja nao. Kisha niliinama, nikavishika vile vipande kimoja kimoja mpaka nikavimaliza, na sikuona haya.